Kumchagulia Kijana Chuo cha Ufundi wa Vyuma

Wazazi wa Mkula, chini ya milima ya Udzungwa, wanajua shilingi ya ada inatoka wapi: katika miwa na mpunga, kwa jasho. Fedha hiyo ikiisha kuondoka nyumbani hairudi upesi. Kwa hiyo yatupasa kusema neno juu ya vijana wanaotaka kusomea kazi ya kukereza na kuchonga vyuma kwa mashine, maana wengi hupelekwa chuoni kwa kufuata jina tu.

Kazi hiyo si ndogo. Rola za kukamulia miwa kiwandani, mitambo ya umeme wa maji ya Kidatu iliyoanza kazi mwaka 1975, injini za TAZARA, vyote hutegemea chuma kilichopimwa hata sehemu moja ya mia ya milimita. Ekseli ikizidi kidogo haiingii. Ikipungua inacheza, na siku moja hukatika mtu yupo karibu. Kipimo cha uongo mkononi mwa fundi huyo ni dhambi kama mizani ya uongo dukani, tena yaweza kuua. Kitabu cha Kutoka chasimulia jinsi Mungu alivyomjaza Bezaleli roho yake ili afanye kazi ya dhahabu, fedha na shaba. Naye Papa Pius XII, mwaka 1955, aliweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Basi baba asemaye, "Huyu ameshindwa masomo, na aende ufundi," amdharau nani?

Katika kuchagua, msianze na neno shahada. Kijana aweza kuanza na cheti, akapanda hadi stashahada, kisha shahada. Tazameni kwanza kama chuo kimesajiliwa na NACTVET, na kama kozi yenyewe imeidhinishwa. Kisha nendeni karakanani siku ya kazi, si siku ya mahafali. Hesabuni mashine zinazozunguka, si zile zilizofunikwa turubai. Waulizeni wanafunzi wenyewe: kila mmoja hushika mashine saa ngapi kwa juma? Hupima kwa maikromita, au huichora tu daftarini? Hupelekwa kiwanda gani kwa mazoezi? Chuo kisicho na majibu, hata kiwe na lango la marumaru (na malango hayo twayaona), msikipe miwa yenu.

Wala msiruke kilicho karibu. Mikumi, inakoanzia barabara ya Ifakara, pana chuo cha VETA. Ulizeni hapo kozi zilizopo kabla ya kufikiria DIT ya Dar es Salaam au Chuo cha Ufundi Arusha, ambako nauli na kodi ya chumba ni mzigo mwingine. Binti akiitaka kazi hii, naye aende.

Hesabuni gharama za miaka yote, si za muhula wa kwanza. Bwana wetu alimtaja mjenzi wa mnara aliyeishiwa katikati, watu wakamcheka. Na kabla kijana hajapanga chumba ugenini, mwombeni paroko aandike barua kwa parokia ya huko, wamtafutie nyumba ya Wakristo.