Kitambi si Ushahidi

Tukimwona mtu mnene tunamhukumu hata kabla hajafungua mdomo: huyu hajizuii. Mahubiri ya Ijumaa na ya Jumapili hayapishani sana hapa. Ulafi ni dhambi, na mwili ndio shahidi wa mashtaka. Hukumu hiyo ni batili, na cha kuitengua kinapatikana hata Korea Kusini. Huko mtu ambaye uwiano wa uzito na urefu wake (BMI) umefika 25 tayari anahesabiwa kuwa na kiribatumbo (kwa kipimo kinachotumika kwetu, mpaka afike 30), na kufikia 2020 karibu nusu ya wanaume walikuwa wamevuka mstari huo, wanawake kiasi cha robo tu. Tanzania ni kinyume: utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta wanawake waliofika 25 hiyohiyo ni zaidi ya mara mbili ya wanaume. Kama chanzo ni ulafi, basi tuamini kwamba dhambi hii huwaandama wanaume kule Seoul, lakini ikitua Dar es Salaam inawaacha na kuwashika wanawake. Sheikh gani au padri gani atalitetea hilo?

Kinachobadilika ni maisha. Mwanamume wa ofisini Seoul akitoka kazini huenda kula nyama choma na kunywa pombe ya soju na wakubwa wake, na kukataa mara nyingi huonwa kuwa utovu wa adabu. Mwanamke wa huko anabanwa na jamii inayomtaka awe mwembamba. Sasa njoo Mchafukoge, Dar es Salaam, au vuka upande wa Kariakoo, utazame sahani ya chipsi mayai na kachumbari pembeni. Kuli anaimaliza amesimama, anajifuta mikono, anarudi kusukuma mkokoteni wa marobota ya vitenge. Mwenye duka, mama wa makamo, anakula ileile nyuma ya kaunta, na hapo ataketi hadi magharibi. Wamekula sawa, atakayesemwa ni mmoja. Mama huyo akiamua kukimbia barabarani alfajiri atapigiwa miluzi, na akikonda ataulizwa anaumwa nini, swali lenye hofu ya miaka ile ya UKIMWI.

Utasema: mbona jirani yake, mwenye duka kama yeye, hana kitambi? Hiari ipo, sikatai. Lakini hiari, ukichanganya na damu ya kurithi, inaeleza tofauti ya jirani na jirani. Haielezi kwa nini mji mzima unanenepa. Isitoshe, Papa Gregori Mkuu, katika karne ya 6, alihesabu ndani ya ulafi kula kabla ya wakati, kula kwa pupa na kutaka vya anasa, mambo ambayo mwembamba anayaweza yote. Na Mtume (S.A.W.) alipoligawa tumbo mafungu matatu, alipima mlo, hakupima kiuno.

Pingamizi zito zaidi ni hili: mwili ni amana, na ukimwondolea mtu lawama umemwondolea wajibu. Naam, ni amana, ila walinzi wake ni wengi. Mwajiri anayemkalisha mtu kutwa nzima, muuzaji anayerudia mafuta yaleyale kwenye karai, aliyeidhinisha kiwanja cha mpira kijengwe fremu za maduka: kila mmoja ameshika sehemu ya amana ya mwenzake. Nao mara nyingi wamo safu za mbele, wanaitikia amina mahubiri ya ulafi yakimgusa mama wa dukani.