Nani Alituita Waaminifu?



Ndugu msomaji, katika Sahihi Muslim imo hadithi ya Samura bin Jundub (r.a.) ambayo mfanyabiashara angepaswa kuisoma kabla ya kwenda kwa mchora vibao. Mtume (S.A.W.) alikataza kijana wa nyumbani kuitwa Aflah, Rabah, Yasar au Nafi'. Tafsiri majina hayo: kufaulu, faida, wepesi, manufaa. Utadhani unapita barabara ya maduka Nyamirambo! Na sababu iliyotajwa ni ya kawaida kabisa: mtu atauliza kama fulani yupo, naye atajibiwa kwamba hayupo. Faida ipo? Haipo.

Nimeikumbuka hadithi hiyo kwa kuwa tuko wanafunzi watatu tunaotaka kuuza sambusa, chapati na juisi ya tangawizi karibu na Biryogo. Unga, mafuta na jiko la gesi tumeshavipigia hesabu. Kilichobaki ni jina. Mmoja anataka Baraka, mwingine anataka Amana, na mimi sitaki hata moja kati ya hayo mawili.

Niseme haki kwanza. Jabir (r.a.), katika Sahihi hiyohiyo, anaeleza kwamba Mtume alikusudia kukataza majina ya namna hii, likiwemo Baraka, kisha akanyamaza, akafariki bila kuyakataza. Umar (r.a.) naye alikusudia, akaacha. Imam Nawawi anayahesabu kuwa ni karaha, si haramu. Basi simwambii mwenzangu kwamba anatenda dhambi. Namwomba tu amfikirie mteja wa saa nane mchana anayefika na kukuta Baraka imekwisha, au Baraka imefungwa.

Amana ndilo jina linaloniumiza kichwa zaidi, kwa sababu linavutia na linauza. Upande wa serikali hakuna tatizo: ukiandikisha kampuni RDB, wanaangalia kama jina limeshachukuliwa au linafanana mno na la mwingine. Hawakuulizi kama wewe ni mwaminifu. Tanzania kuna benki nzima yenye jina hilo, Amana Bank, iliyoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2011 kwa misingi ya sharia. Lakini benki ina hoja ambayo muuza sambusa hana. Katika Kiswahili cha benki, amana ni pesa anayoweka mteja, kwa hiyo jina linataja kazi inayofanyika pale. Sisi tutaweka amana gani, mafuta ya kukaangia?

Mwenzangu anayesomea uhasibu alinijibu vizuri, na jibu lake lilinikosesha usingizi. Alisema jina si majivuno, ni ahadi. Tukiliandika juu ya mlango, kila asubuhi litatukumbusha. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini ahadi ya kujikumbusha mtu anaweza kuiandika ndani, ukutani juu ya jiko, mahali tunapoiona sisi. Tukiiandika nje, anayesomeshwa ni mteja, na anachosomeshwa ni kwamba atuamini kabla hatujampa hata sambusa moja. Zaynab binti Abi Salama (r.a.) alikuwa akiitwa Barra, yaani mwema. Mtume akalikataa jina hilo kwa kuwa lina kujisifu, na Allah ndiye ajuaye nani mwema, akaamuru aitwe Zaynab. Mtume mwenyewe aliitwa al-Amin, lakini waliomwita hivyo ni Makuraishi, kabla ya utume, baada ya kuishi naye na kufanya naye biashara miaka mingi. Hakujitangazia mwenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo linalotuhusu sisi wa Kigali hasa. Wazee wetu hapa waliitwa Waswahili, na neno hilo midomoni mwa watu halikuwa sifa. Lilimaanisha mjanja, mtu wa maneno mengi, mtu wa kumchunga mkono wake. Wengi wetu tumesikia mabaki ya maana hiyo mpaka leo, ingawa Kiswahili chenyewe kimekuwa lugha rasmi ya nchi tangu 2017. Ni nini kilichowafanya watu wamtazame Muislamu kwa jicho jingine? Si kibao. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Waislamu wengi wa Biryogo na Nyamirambo waliwaficha majirani zao, wakijua kwamba wakigunduliwa watauawa pamoja nao. Hata si Waislamu wote waliofanya hivyo, na hilo lazima tulikiri. Lakini waliofanya walitosha kubadilisha namna tunavyotazamwa.

Sisi watatu hatukuwa tumezaliwa. Mteja asiyetujua akiona Amana juu ya mlango, pale Biryogo, na kijana mwenye kofia nyuma ya kaunta, ataleta imani yake tayari, na imani hiyo haikutokana na sisi. Ni mkopo kwa jina la watu wengine. Tukimpa sambusa ya juzi, watakaolipa ni wao. Kwangu swali la jina liko hapo: je, tuna haki ya kukopa kwa dhamana ya wazee ambao hatukuwauliza?

Kuna walionishauri tutumie moja ya majina ya Allah. Hilo sikulijadili sana. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na sambusa zetu zitafungwa kwenye karatasi yenye jina la duka. Karatasi hiyo, ikishalowa mafuta, kila mtu anajua inaishia wapi.

Neno moja tu la dini ningekubali kuliandika nje: halali. Nalo si sifa yetu. Ni maelezo ya nyama, na mteja anaweza kuyahakiki. Akiingia jikoni na kuuliza imechinjwa wapi na nani, tumtajie bucha, tumwonyeshe na risiti ya asubuhi hiyo.