Mkulima wa Miwa Apewapo Utawala

Je, mtu aliyeinuliwa na jirani zake awatetee hao tu, au awatetee watu wote? Swali hili si geni, wala si la nchi moja. Maisha ya Vasantdada Patil wa Sangli, katika jimbo la Maharashtra huko India, yafaa kutusaidia kulipima.

Bwana Patil alizaliwa mwaka 1917, katika jamaa ya wakulima. Alipigania uhuru wa nchi yake, na mwaka 1943 alitoroka gereza la Sangli, akapigwa risasi. Uhuru ulipopatikana, aliwakusanya wakulima wa miwa, wakajenga kiwanda cha sukari cha ushirika. Maana muwa ukikatwa hausubiri: usiposagwa upesi sukari yake hupungua, na mkulima asiye na kiwanda hupokea bei yoyote apewayo. Katika ushirika mwenye shamba dogo naye ni mwenye mali, tena ana kura.

Kutoka huko Bwana Patil alipanda hata akawa Waziri Kiongozi wa jimbo mwaka 1977, na tena mwaka 1983.

Hapa ndipo penye mtihani. Miwa hunywa maji mengi, na sehemu kubwa ya Maharashtra ni kavu. Maji yaliyokwenda katika miwa ya mwanachama hayawezi kunywesha mtama wa jirani. Tena wakata miwa, wake kwa waume, huhama kila msimu kutoka wilaya za ukame kama Beed. Jasho lao limo katika sukari, lakini kiwandani hawana hisa wala kura.

Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika barua yake *Mater et Magistra* ya mwaka 1961, aliwahimiza wakulima waungane katika vyama vya ushirika. Lakini alikumbusha pia kwamba haki zao hazina budi kupatana na haki za wengine, kwa manufaa ya wote.

Basi hoja ni wazi. Ushirika ulikuwa wa haki kwa sababu mkulima mnyonge hakuwa na sauti mbele ya mwenye kiwanda. Sababu hiyo hiyo yamdai kiongozi amsikie mkata miwa asiye na sauti mbele ya ushirika. Akikataa, amebadili bwana tu, wala hakuondoa uonevu.

Nasi tunaochagua viongozi wa vyama vyetu, wa miwa Kilombero au wa kahawa Kilimanjaro, tusiulize tu mtu huyu ametuletea nini. Tuulize pia: ni nani asiyeweza kumpigia kura, naye amemtendea haki?