Kikwazo Mbele ya Asiyeona

Mambo ya Walawi, sura ya 19, inakataza kuweka kikwazo mbele ya kipofu. Tukiisikia amri hiyo tunamfikiria mkatili anayetega jiwe kwa makusudi. Je, afisa wa kaunti aliyechagua programu ya kutengenezea tovuti kwa sababu tu ni rahisi na inapendeza, bila nia mbaya, naye ameweka jiwe? Nashikilia kwamba ameliweka, maana anayejikwaa huumia vilevile, jiwe liwe limetegwa au limesahauliwa.

Asiyeona hutumia programu inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini. Sauti hiyo hutegemea maandishi halisi, vichwa vilivyopangwa na visanduku vya fomu vyenye majina. Tangazo la basari likibandikwa kama picha tupu, sauti hunyamaza. Kisanduku kisipokuwa na jina, msikilizaji hajui aandike nini. Mkazi wa kisiwa cha Mfangano, Homa Bay, au wa Muhuru Bay, Migori, aliyetarajia mtandao umpunguzie nauli ya boti na matatu, hubaki akitafuta mtu wa kumjazia siri zake. Mwaka 2015 shirika la W3C, linaloweka viwango vya wavuti duniani, lilitoa mwongozo kwa programu zenyewe za kutengenezea tovuti: zimkumbushe mwandishi kuzieleza picha, na ziweze kutumiwa hata na mwandishi mwenye ulemavu. Kwa hiyo mara nyingi kosa huzaliwa siku programu inapochaguliwa, kabla tangazo lolote halijawekwa.

Wapo watakaosema wasioona ni wachache na fedha hazitoshi. Haki haipimwi kwa wingi wa wanaoidai. Tena ukurasa uliopangwa vizuri humfaa pia mzee mwenye macho hafifu na mvuvi mwenye simu ndogo. Kuhusu fedha, programu za kutengenezea tovuti kama WordPress na Drupal hupatikana bure, na NVDA, programu ya kusoma skrini iliyoanzishwa na Waaustralia wawili wasioona, ni ya bure pia. Ghali ni kubomoa na kujenga upya. Hoja nzito zaidi ni kwamba mtu halaumiwi kwa asilolijua. Kweli, ila kutojua kuna mwisho: Katiba ya 2010, ibara ya 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kupata habari, na tangu 2022 Kenya ina kiwango chake cha ufikivu, KS 2952. Baada ya hapo, kutouliza ni kuchagua.

Basi ninyi mnaotia saini mikataba ya tovuti Migori na Homa Bay, mwiteni kwanza asiyeona ajaze fomu mbele yenu. Akishindwa, msinunue.