Hodi ya Msaada

Nyumba ni sitara ya mtu. Ndani yake husitiri njaa yake, ugomvi wake na machozi yake. Kwa sababu hiyo, mila ya pwani humtaka mgeni apige hodi mara tatu; asipokaribishwa, arudi alikotoka bila ya kinyongo. Lakini wewe, msomaji, ungefanya nini kama baada ya hodi ya tatu ungesikia mtoto akilia ndani?

Fikiri juu ya Wasini, kisiwa kidogo cha Kwale kilicho mkabala wa Shimoni. Hakina mto wala gari. Ardhi yake ni mawe ya matumbawe, maji ya mvua huwekwa katika mabirika, na watu wake wengi huishi kwa uvuvi. Mahali padogo kama hapa siri haikai siku mbili. Tuseme mvuvi mmoja ameumia, hawezi tena kwenda baharini. Mtoto wake mkubwa ameacha shule ili atafute riziki, mdogo amedhoofu, na baba, kwa uchungu wa kushindwa, amekuwa mwepesi wa kupiga. Majirani wanajua. Wafanye nini?

Wako wasemao kuwa watoto wavushwe, wapelekwe katika makao ya kulelea watoto, walishwe na kusomeshwa. Shauri hili lina huruma, lakini huruma yake ni nusu. Mtoto atashiba, akamkosa mama. Wazazi watabaki na umaskini ule ule, pamoja na aibu mpya. Amwondoaye mtoto kwa sababu ya njaa ameiacha njaa mahali pake.

Wako wengine wasemao kuwa ya nyumba huachiwa wenye nyumba. Maneno haya yana adabu, lakini ni adabu imlindayo mkubwa na kumsahau mdogo.

Iko njia ya tatu: msaada wenyewe upige hodi. Mwaka 2004 serikali ya Kenya ilianza kuzipa fedha jamaa zinazolea mayatima na watoto wenye shida, na Kwale ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza. Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ulikubali mwongozo usemao kuwa umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake. Lakini fedha haimfundishi baba kuuzuia mkono wake. Hapana budi aje mtu: afisa wa watoto, mhudumu wa kujitolea, au shangazi mwenye busara. Aketi mkekani, asikilize kabla ya kusema, amtafutie baba kazi ya kukaa, kama kutengeneza nyavu zilizoraruka, amrudishe mtoto shuleni, kisha aje tena juma lijalo. Ajaye mara moja huona makosa; ajaye mara nyingi huona sababu zake.

Hata hivyo, moto haupigiwi hodi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yasema kuwa maslahi ya mtoto ndiyo makubwa kuliko yote katika kila jambo limhusulo. Penye hatari ya maisha au unajisi, sitara ya nyumba haina haki tena: mtoto atolewe, na ajuaye apige simu nambari 116, isiyo na malipo. Lakini si kila moshi ni moto. Moshi wa nyumba nyingi ni wa jiko lililokosa kuni kavu, na mwenye jiko huhitaji kuni kuliko lawama.

Kumhurumia mtoto ni rahisi. Kumhurumia mzazi aliyekosa ni kazi ya moyo mkubwa. Lakini mtoto humpenda mzazi huyo, na atakayemsaidia mmoja hana budi kuwasaidia wote wawili.

Yamkini, msomaji, wewe ndiwe uliye ndani ya nyumba hiyo. Ikiwa ndivyo, jua kwamba kuomba msaada si kuwaaibisha wazazi wako. Na kama uko nje, piga hodi kwa heshima, wala usichoke kurudi.