Mkesha wa Mtoto Mchanga: Deni la Nani?

Katika lugha yetu neno "kukesha" lina heshima yake. Watu hukesha kwenye maulidi, hukesha kwenye arusi, hukesha kwa mgonjwa aliyezidiwa, na hukesha matangani. Huku mashariki mwa Uganda mtu akifiwa, majirani huja na mikeka yao, wakakoka moto uani, wakalala papo hapo hadi maziko yapite. Kadhalika katika miaka shufwa, msimu wa imbalu, yaani jando la Wamasaaba wa Mbale, ngoma hulia usiku na mchana na hakuna anayelalamika kwamba amenyimwa usingizi. Mkesha, basi, ni jambo la watu wengi. Lakini upo mkesha mmoja ambao huachiwa mtu mmoja, wala aghalabu hatuupi hata jina hilo: nao ni mkesha wa mama aliye na mtoto mchanga.

Katika makala haya twataka kuuliza swali ambalo huenda baadhi ya wasomaji wetu wataliona dogo. Mtoto anapoamka usiku mara nne, mara tano, je, amekosa? Na kama hakukosa, usingizi unaopotea ni deni la nani?

Swali hili lilitujia safarini. Tulipita Jinja kumwona mwalimu mwenzetu aliyejifungua, anayekaa katika chumba kimoja cha kupanga, vile ambavyo huko huitwa "muzigo". Binti yake alikuwa na miezi mitano. Hadi mwezi wa tatu, alitueleza, mtoto alikuwa amekwisha kuanza kulala vema. Kisha mambo yakageuka. Sasa aliamka saa nne, saa saba, saa tisa, na tena saa kumi na moja alfajiri. Mchana napo, usingizi wake wa asubuhi uliokuwa wa saa mbili ulikatika ukawa wa nusu saa. Jirani wa upande wa pili wa ukuta, ambaye hufanya kazi ya zamu kiwandani, alikuwa amegonga ukuta mara mbili. Mume alikuwa amehamia kwa nduguye siku za kazi, ili apate kulala. Na kila aliyekuja kumpongeza alimwachia shauri lile lile: "Mwache alie, atazoea. Samaki mkunje angali mbichi."

Mama yule hakulalamika. Alisema neno moja tu ambalo hatukuweza kulisahau: "Walimu wenzangu, naogopa nisije nikamchukia mwanangu."

Siku ya pili tulifika Mbale, tukapanda kwa miguu hadi boma moja chini ya mlima Wanale, na jioni tukamsimulia habari hizo bibi mwenye nyumba. Alicheka, kisha akauliza, "Wanangu, nani alimwambia mtoto huyo kwamba sasa ni usiku?"

Swali la bibi ndilo tutakaloanza nalo, kwa kuwa wataalamu nao wamelijibu: hakuna aliyemwambia. Mtoto huzaliwa bila ya kutofautisha usiku na mchana. Katika majuma ya kwanza aweza kulala saa 14 hadi 17 katika saa 24, lakini kwa vipande vipande, kwa sababu tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama husagika upesi. Mwendo wa usiku na mchana huanza kujengeka ndani ya mwili wake katika mwezi wa pili na wa tatu, ukisaidiwa na mwanga wa jua na shughuli za watu. Kisha, yapata mwezi wa nne, usingizi wenyewe hubadilika umbo. Duru moja ya usingizi wa mtoto ni kama dakika 50 au 60, ambapo ya mtu mzima ni kama dakika 90. Na kila duru inapokwisha huwa karibu na kuamka. Mtu mzima hugeuka ubavu akaendelea. Mtoto bado hajajua kufanya hivyo, hivyo huita.

Usingizi wa mchana nao hauna ahadi. Mtoto wa miezi minne aweza kulala mchana mara tatu au nne. Akikaribia miezi tisa mara mbili. Na katika mwaka wake wa pili hubakiwa na mara moja. Kila anapovuka daraja mojawapo, nyumba nzima huyumba kwa siku kadhaa. Anapoanza kutambaa, au kuota meno, au kutambua kwamba mama ameondoka, huyumba tena. Mama wa Jinja alidhani kwamba ameharibu kitu kilichokuwa kizuri. Hakuharibu kitu, mtoto alikuwa akikua. (Na hapa hatuna budi kuongeza tahadhari: mtoto anayeamka akiwa na homa, au anayekataa kunyonya, hayumo katika maelezo haya. Huyo apelekwe zahanati, usiku huo huo.)

Ikiwa ndivyo, methali ya samaki yahitaji kusomwa upya. Sisi walimu wa Kiswahili twaipenda sana, nasi twaifundisha kila mwaka. Lakini methali ni kama dawa: ina ugonjwa wake na ina kipimo chake. "Samaki mkunje angali mbichi" yamhusu mtoto anayeweza kuelewa kwamba amekatazwa. "Mtoto akililia wembe mpe" yamhusu mtoto anayeweza kujikata akakumbuka. Zote mbili zamdhania mtoto mwenye uwezo wa kuchagua. Maadili ya watu wote, ya mijini na ya vijijini, yakubaliana juu ya jambo moja: mtu halaumiwi kwa asiloliweza. Mtoto wa miezi mitano hawezi kuchagua kulala kama vile asivyoweza kuchagua kutembea. Basi kulia kwake si utovu wa adabu, wala kumwitikia si kumdekeza.

Rai ya kinyume si ya majirani wa Jinja peke yao. Mwanafalsafa Rousseau, katika kitabu chake juu ya malezi kilichotoka mwaka 1762, alihofu kwamba mtoto anayetimiziwa kila kilio atajifunza kuwatawala wanaomlea. Hofu hiyo ina busara kwa mtoto wa miaka mitatu. Lakini yafaa tukumbuke kwamba Rousseau aliwapeleka watoto wake mwenyewe katika nyumba ya watoto waliotupwa. Mkesha tunaousema hapa hakuujua.

Aliyekuja kuutazama kwa macho alikuja hapa hapa Uganda. Kati ya mwaka 1954 na 1955 Mary Ainsworth, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya uchunguzi wa jamii huko Makerere, alizitembelea mara kwa mara familia 26 zenye watoto wachanga 28 katika vijiji vya karibu na Kampala. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Alichokiona ni kwamba watoto waliotulia, waliothubutu kutambaa mbali na mama na kurudi, walikuwa na mama waliozifahamu vema ishara zao na kuziitikia. Kuitikiwa hakukuwafanya watumwa wa mama. Kuliwapa ujasiri wa kumwacha. Mafundisho mengi juu ya mapenzi ya mama na mtoto yanayosomwa leo vyuoni duniani kote yana mzizi katika nyua zile za Buganda.

Tena, kulala usiku mzima si kipimo cha kila taifa. Katika miaka ya 1970 Charles Super na Sara Harkness waliwachunguza watoto wa Kokwet, kijiji cha Wakipsigisi katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, watu ambao ni ndugu wa lugha wa Wasebei wa upande wa kaskazini wa Mlima Elgon. Watoto wa Marekani wenye miezi minne waliweza kulala kiasi cha saa nane mfululizo. Wale wa Kokwet waliendelea kuamka kwa muda mfupi na kunyonya, miezi mingi baadaye. Walilala ubavuni mwa mama, na mchana walibebwa mgongoni. Hakuna aliyeuita mwenendo huo tatizo, kwa kuwa mama hakutakiwa kuwahi kengele ya saa moja asubuhi.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Tukiishia kusema kwamba mtoto hana kosa, tutakuwa tumemtetea mtoto na kumtupa mama. Ni rahisi sana kumwambia mtu avumilie huku sisi tumelala. Kukosa usingizi kwa miezi si jambo la moyo tu. Hupunguza kumbukumbu, huamsha hasira, na huweza kumtumbukiza mtu katika majonzi yasiyo na sababu inayoonekana. Yule aliyesema aogopa kumchukia mwanawe hakuwa mama mbaya. Alikuwa mtu aliyebeba peke yake mzigo wa watu watatu.

Na twende mbele kwa haki. Watu wanaofuata njia ya kumzoeza mtoto kulala mwenyewe, kidogo kidogo, si wakatili. Uchunguzi wa Australia uliotangazwa mwaka 2012 uliwafuatilia watoto ambao wazazi wao walifundishwa njia hizo walipokuwa na umri wa zaidi ya miezi saba. Walipofikia miaka sita hawakuonekana kuwa wamedhurika. Lakini hao hawakuwa watoto wa miezi mitano. Tena, ushauri uliotungwa kwa nyumba ambamo mtoto ana chumba chake hauwi rahisi katika chumba kimoja chenye kitanda kimoja, chandarua kimoja, na jirani anayegonga ukuta.

Sheria ya ajira ya Uganda ya mwaka 2006 humpa mama aliyejifungua siku 60 za kazi za likizo yenye mshahara, na baba siku nne. Hesabu yake ni nyepesi: siku 60 za kazi ni kama majuma 12. Mama hurudi darasani wakati ule ule ambapo mwili wa mtoto ndio kwanza waanza kuujua usiku, na kabla ya yale mageuzi ya mwezi wa nne. Mtoto aliyemkosa mama mchana aghalabu hujilipa kwa kunyonya usiku. Na baba? Siku zake nne zimekwisha kabla kitovu hakijadondoka.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kurudi kwenye boma la Mbale, ambako bibi, shangazi na wake wenza hupokezana mtoto. Nasi twakubali kwamba kuna jema kubwa pale. Lakini tusilitie chumvi. Asubuhi iliyofuata tulimwona aliyekuwa na mtoto mgongoni wakati watu wazima wamekwenda kulima: alikuwa binti wa miaka tisa. Kila mwalimu anayesoma makala haya anamfahamu. Ndiye anayesinzia dawatini saa tatu asubuhi, ndiye anayekosa shule siku mbili kwa juma, ijapokuwa elimu ya msingi bila ya karo ilianzishwa Uganda mwaka 1997. Mara nyingine tumemwadhibu kwa kusinzia. "Mkono mmoja haulei mwana" ni kweli tupu, lakini methali haikusema kwamba mkono wa pili uwe wa mtoto mwingine.

Basi deni la usiku ni la nani? Jibu letu ni kwamba ni la watu wazima wote wa nyumba ile, kila mmoja kwa kadiri ya nguvu zake, na wa kwanza baada ya mama ni baba. Baba hana maziwa, lakini ana mikono. Aweza kumbadili mtoto nguo na kumtembeza kwa mbeleko baada ya kunyonya. Aweza kuchukua zamu ya alfajiri ili mama apate saa mbili za usingizi usiokatika. Aweza kuifunika taa usiku na kumtoa mtoto juani asubuhi, ili mwili wake ujifunze. Aweza kuuheshimu usingizi mfupi wa mchana, kwa kumwacha mama alale mtoto anapolala, bila ya kuuliza chakula kiko wapi. Asiyeweza kabisa ni yule aliyelewa, ambaye haifai hata kulala kitanda kimoja na mtoto. Nasi wenzake kazini tunalo fungu letu: kumpangia mama vipindi visivyo vya mapambazuko, na kumpa mahali pa kukamua maziwa pasipo kuonewa haya.

Tuliporudi Jinja baada ya juma moja, tulimkuta mume amerudi nyumbani. Hatukuuliza ni nani aliyemwita. Alikuwa amefungiwa mtoto mgongoni kwa kitenge, akienda na kurudi uani saa kumi na mbili asubuhi, na wapangaji wakimcheka kwa mapenzi. Jirani wa zamu ya usiku, aliyekuwa akitoka kazini, alimpokea dumu la maji.

"Bado anaamka mara tatu," mama alituambia. "Lakini simwogopi tena."

Twawaachia wasomaji wetu zoezi moja. Mnapoifundisha tena ile methali ya mkono mmoja, msianze na maana yake. Waulizeni wanafunzi kwanza: usiku uliopita mtoto wa kwenu alipolia, nani aliamka?