Aliyeondoka Bila Kuaga

Kimya cha mtu kina maana gani, na nani mwenye haki ya kusema "huyu ameshaondoka"? Swali hili nimekutana nalo kwenye kazi yangu ya kuandika programu za seva, hapa Haneti, na linanisumbua kuliko riwaya nyingi nilizosoma.

Seva ya asinkroni ni kama mama ntilie wa kando ya barabara hii ya Dodoma kwenda Arusha. Mikono miwili, wateja ishirini. Wali wa huyu ukiwa jikoni, anamsikiliza mwingine. Mteja mstaarabu huaga: kwa itifaki ya TCP hutuma ujumbe mfupi uitwao FIN, na seva ikisoma inapata baiti 0. Basi, meza inafutwa. Lakini yule ambaye simu imeisha chaji, au basi limempitisha nyuma ya kilima? Hakifiki kitu. Mama ntilie angalau anaona benchi tupu. Seva haina macho. Itajua tu ikimpelekea kitu na jibu lisije.

Unaweza kuiagiza ibishe hodi yenyewe. Linux, usipoibadilisha, husubiri sekunde 7,200, yaani saa 2 nzima, ndipo ibishe mara 9, kila baada ya sekunde 75. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasubiri miaka 5: asiyesikika kwa wale waliotarajiwa kumsikia hudhaniwa amekufa, mpaka ithibitike vinginevyo. Hayo maneno ya mwisho ndiyo nayapenda. Hata sheria inakiri kwamba inadhani tu.

Sisi wa programu hatuna subira hiyo. Tunaandika sekunde 30, tena tukiwa mjini kwenye intaneti ya kasi, na anayelipa ni mtu wa huku mwenye network ya kubahatisha: fomu amejaza nusu, anakuta imefutwa, aanze upya! Wenye haraka nao wana hoja, maana kiti kinachoshikiliwa na asiyekuwepo kimenyimwa aliye mlangoni, na viti vya seva vina idadi. Ndiyo maana sigombani sana juu ya sekunde. Ninachokataa ni kuchanganya kukiachia kiti na kumsahau mtu. Kiti mpe mwingine, hata baada ya dakika moja. Sahani yake ifunike: fomu ihifadhiwe kwa namba yake, akirudi hata kesho kutwa aendelee pale alipoishia.